Shaba: Jina Lake, Kazi Zake, na Nafasi Yake katika Uhai

Yapo maneno katika Kiswahili ambayo watu huyatumia kila siku bila kuyauliza yalikotoka. Shaba ni moja la hayo. Fundi wa umeme huiita shaba ile waya nyekundu iliyo ndani ya kamba yake. Muuza kahawa huuita wa shaba mdila wake ung'aao kama dhahabu. Mwalimu huwaambia watoto kwamba mshindi wa tatu hupewa nishani ya shaba. Vitu hivi vitatu si kitu kimoja. Cha kwanza ni elementi safi, cha pili ni mchanganyiko wake na zinki, na cha tatu ni mchanganyiko wake na bati. Lugha yetu imevifunika vyote kwa nguo moja.

Nia ya makala haya ni kulifuata jina hili na kitu chenyewe kwa pamoja: kwanza katika lugha, kisha katika sarafu na vyombo vya pwani, kisha katika machimbo ya Katanga na viwanda vya dunia, na mwisho katika miili ya viumbe wenye uhai. Wanafunzi wa lugha wasidhani kwamba mambo haya ni ya wahunzi na waganga peke yao. Historia ya kitu na historia ya jina lake hazikupita njia moja, na asiyezitenganisha atazisoma vibaya hati za zamani na kamusi pia.

I. Jina

Katika Kiarabu shaba nyekundu huitwa nuhas. Waswahili walilipokea neno hilo kwa umbo la nuhasi, nalo limo katika kamusi za zamani, lakini halikupata nguvu vinywani mwa watu. Lililopata nguvu ni shaba, ambalo asili yake ni shabah. Wenye kamusi za Kiarabu waeleza kwamba shabah ni ile shaba iliyotiwa dawa ikageuka manjano, nayo iliitwa hivyo kwa sababu ya kufanana na dhahabu. Shina lake ni lile lile lililotupatia shabihi na tashbihi. Kwa hiyo shaba ya fundi na tashbihi ya mshairi ni ndugu: zote mbili zasema habari ya kitu kinachofanana na kingine.

Neno la tatu la Kiarabu ni sufr, nalo pia lahusu shaba, hasa ile ya manjano. Kutoka hapo tumepata sufuria. Hapo kale sufuria ilikuwa chungu cha shaba, tofauti na chungu cha udongo. Leo sufuria karibu zote ni za alumini, wala hakuna aonaye ajabu. Madini yameondoka na jina limebaki, kama nyumba iliyohamwa na mwenyewe ikaendelea kuitwa kwa jina lake.

Basi Waswahili walilichukua jina la shaba ya manjano wakalifanya la shaba zote, na palipotakiwa kutofautisha wakatumia rangi: shaba nyekundu na shaba ya manjano. Lugha nyingi hufanya hivyo. Lakini kwa mwana historia jambo hili lina hatari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo kwenda bara ilichukua nguo, shanga, na waya. Waya nene iliitwa masango, na ile nyembamba, ambayo mafundi waliisokota kuwa vikuku, iliitwa udodi. Waya hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya shaba ya manjano, nayo ilivuka bahari kabla ya kufika kwetu. Wakati huo huo shaba nyekundu ilikuwa ikichimbwa na kuyeyushwa katikati ya bara na watu wa huko, nayo ikisafiri kutoka huko kwenda pande zote. Zilikuwa biashara mbili, moja ikiingia na nyingine ikitoka, na neno moja likizifunika zote mbili. Msomaji akikuta neno shaba tupu katika habari za safari, asifanye haraka kusema ni ipi.

Pana neno jingine lisilosahauliwa na wazee wa pwani, nalo ni mrututu. Ni mawe ya buluu yanayouzwa katika maduka ya dawa za kienyeji, ambayo watu waliyatumia kuchoma vidonda vibaya. Neno hili lafanana sana na jina la Kigujarati la kitu hicho hicho, morthuthu, na yaelekea lilikuja pamoja na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Mrututu ni chumvi ya shaba iliyoungana na asidi ya salfa. Tutaliona tena mbele, maana limepita kutoka duka la mganga mpaka shamba la kahawa.

II. Shaba ya pwani

Ushahidi ulio wazi kuliko wote wa shaba katika pwani yetu ni sarafu za Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, na nyingi mno katika hizo zilikuwa za shaba. Mafundi waliandika jina la Sultani upande mmoja, na upande wa pili sifa ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, nao wakachagua maneno ili pande mbili zifuatane kwa vina. Kwa hiyo mtu aliyeshika sarafu ya Ali bin al-Hasan alishika kiganjani kitu kilichofanana na ubeti mfupi. Watu waliopenda ushairi hata wakautia katika fedha ndogo ya sokoni wastahili kukumbukwa na wanafunzi wa fasihi.

Sarafu hizo zilisafiri. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, Sultani ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na mpaka leo wataalamu hubishana jinsi zilivyofika huko. Dhahabu ya Kilwa imeimbwa sana. Lakini shaba yake, iliyopita mikononi mwa watu wadogo, ndiyo iliyobaki mchangani kwa wingi kutusimulia habari.

Lamu yatupa mfano wa namna nyingine. Siwa yake kuu ni ya shaba, na ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu. Siwa haikupigwa ovyo. Ilikuwa alama ya enzi na ya heshima, na sauti yake ilisikika katika mambo makubwa ya mji. Kadhalika upatu katika ngoma, sinia katika karamu, na misumari minene katika milango ya Unguja: vyote hivi vilikuwa vya shaba kwa sababu shaba hukubali kufuliwa, hailiwi na kutu upesi kama chuma katika hewa ya bahari, na ikisuguliwa hung'aa.

Katika mwaka 1882 Sayyid Barghash alitoa sarafu zake za shaba, zenye sura ya mizani. Ziliitwa pesa, jina lililotoka Bara Hindi. Wadachi nao, katika miaka ya 1890 mpaka 1892, walitoa pesa za shaba kwa ajili ya upande wao wa bara, zenye maandishi ya Kiarabu, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Sarafu hizo zimekwisha kitambo, lakini jina lao limepanda cheo: kipande kidogo cha shaba, kisichoweza kununua kitu kikubwa, ndicho kilichozaa jina la fedha zote. Na mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi walipokatiwa njia ya bahari, walipiga sarafu za heleri 20 katika karakana ya reli ya Tabora kwa shaba na kwa maganda ya risasi. Hapo madini yale yale yaliyotumika kuua watu yalirudi sokoni kununua unga.

III. Mukuba wa Katanga

Sasa tuingie bara. Katika nchi ya juu iliyo baina ya mito ya Lualaba na Luapula, na kusini yake mpaka Kansanshi katika Zambia ya leo, udongo una shaba nyingi. Watu wa huko hawakuiita shaba. Katika lugha kadhaa za upande huo, kama Kibemba, jina lake ni mukuba. Kazi ya kuyeyusha ni ya zamani sana: karibu na Lubumbashi, mahali paitwapo Naviundu, kumeonekana mabaki ya tanuri ambayo wataalamu wayaweka katika karne ya nne baada ya Kristo.

Kazi ilifuata majira. Mavuno ya mtama yalipokwisha na mvua kukoma, watu walikwenda machimboni wakapiga kambi. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani, yaitwayo malakiti, yaliyokuwa juu ya ardhi; wanaume walichimba mashimo. Kisha tanuri zilijengwa kwa udongo wa vichuguu, ambao huvumilia moto. Zikajazwa makaa na mawe ya mbale, na mivukuto ya ngozi ikapuliza pepo kwa mirija ya udongo. Shaba huyeyuka katika joto la digrii 1,085 za sentigredi, na joto hilo halipatikani kwa moto wa kawaida. Mafundi hawa walilipata kwa makaa, pumzi, na maarifa waliyorithishana. Mmisionari J.-F. de Hemptinne aliyaandika maarifa hayo mwaka 1926, wakati kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kukoma, na jina la maandishi yake kwa Kifaransa lasema habari za wala shaba wa Katanga. Mtu hali shaba. Lakini mtu hula kwa kazi yake, na watu hawa walikula kwa shaba. Atumiaye Kiswahili haoni ugumu katika usemi huu, maana kwetu pia mtu hula cheo, hula mshahara, na hula faida.

Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilianza kuwa mapambo na mali, kisha baadhi yake ikafanywa midogo ya kipimo kimoja, ikawa fedha. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, maiti walizikwa nayo. Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa katika bendera yake, kama kwamba wenye kuitengeneza walijua kwamba hakuna hoja ya zamani iliyo na nguvu kuliko hiyo.

Kiungo kati ya mukuba na shaba ni watu wa Unyamwezi. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa shaba Kalasa kutoka Usumbwa, alihamia Katanga, akajenga mji wake Bunkeya, akawa mfalme. Watu wake, Wayeke, walikuwa na ustadi wa kuvuta shaba kuwa waya nyembamba. Biashara yake ilifika pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Lakini habari za utajiri huo zilifika Ulaya pia. Mwaka 1891 Kapteni Stairs, kwa kazi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alitoka pwani yetu na msafara ambao wapagazi na askari wake wengi walikuwa watu wa Unguja na mrima. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa kwa risasi karibu na mji wake. Mwezi uliofuata mtaalamu wa mawe Jules Cornet alifika, akaanza kuipima nchi. Tukiliangalia jambo hili kwa jicho la lugha, twaona kwamba Kiswahili kilikuwapo siku ile pande zote mbili: kambini mwa wageni, na katika mji wa mfalme aliyefanya biashara na wafanyabiashara wa pwani. Hakikuwa lugha ya mshindi wala ya mshindwa peke yake.

IV. Kampuni, waya, na reli

Kwa nini Ulaya iliitamani shaba kiasi hicho? Zamani ilitakwa kwa sarafu, mizinga, vyungu, na kufunika matumbo ya merikebu ili yasiliwe na wadudu wa baharini. Jambo lililogeuza mambo ni umeme. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikitembezwa katika waya iliyosokotwa huzaa nguvu ya umeme. Shaba huupitisha umeme kuliko madini yote isipokuwa fedha, na fedha ni ghali. Basi simu za maandishi, kisha taa, kisha mashine, zote zilidai shaba. Mwaka 1879 waya ya simu iliyolazwa chini ya bahari ilifika Unguja kutoka Aden na kuendelea kusini. Moyo wake ulikuwa shaba. Mtu aliyesimama forodhani siku hizo aliweza kuona shaba ikiwa pesa mkononi, masango mgongoni mwa mpagazi, na habari za dunia zikipita miguuni mwake ndani ya bahari, kwa shaba vile vile.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika tanuri zake. Baadaye mawe yaliyeyushwa kwa asidi na madini yakasafishwa kwa nguvu za umeme. Kiwanda cha Shituru katika Likasi kilianza kazi hiyo mwaka 1929, na mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha likakipa nguvu. Shaba iliyosafishwa kwa njia hii ndiyo ifaayo kwa waya, kwa sababu taka kidogo tu ndani ya shaba huuzuia umeme.

Kampuni ilihitaji watu, nao wakaletwa kutoka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na baada ya 1925 Ruanda-Urundi. Watu wa lugha nyingi walikutana katika kambi moja, na kutoka mwisho wa miaka ya 1910 Kiswahili kilizidi kuwa lugha ya kazi na ya kambi. Hicho ni Kiswahili chenye tabia yake, ambacho wa pwani huweza kukicheka akikisikia mara ya kwanza. Lakini kina historia yake, nayo imeandikwa na wenyewe. Mwaka 1965 André Yav alikusanya kwa mashine ya chapa, kwa ajili ya chama cha watumishi wa majumbani wa zamani, habari za mji wa Elisabethville kwa Kiswahili hicho. Maandishi hayo yalichapishwa na kuchunguzwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Ndani yake twawasikia watu ambao vitabu vya kampuni viliwahesabu tu kama idadi. Hesabu hiyo ilikuwa na damu pia: mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, askari waliwapiga risasi katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville, na makumi yao wakafa.

Kwa upande wetu wa mashariki, shaba ya Kilembe nchini Uganda ilianza kutoka mwaka 1956, ikiyeyushwa Jinja kwa nguvu za maporomoko ya Owen na kupelekwa Mombasa kwa reli, mpaka machimbo yalipofungwa. Na reli ya Tanzania na Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, ilijengwa kwanza kabisa ili shaba ya Zambia ipate kufika bahari ya Dar es Salaam bila kupita katika nchi zilizotawaliwa na wachache.

Katika Kongo kampuni ilitaifishwa mwaka 1967. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000; mwaka 1990 machimbo ya Kamoto yaliporomoka, na kufikia 1994 mazao yalishuka mpaka kiasi cha tani 30,000. Karne hii makampuni mapya yameifufua kazi, na Kongo imekuwa miongoni mwa nchi zitoazo shaba nyingi kuliko zote duniani.

V. Shaba katika uhai

Mpaka hapa tumeiona shaba nje ya mwili. Lakini hakuna msomaji wa makala haya asiyekuwa nayo ndani yake. Mwili wa mtu mzima una kiasi cha miligramu 100 za shaba, uzito wa punje nne au tano za mchele. Kila siku hauhitaji hata miligramu moja kamili. Huipata katika maini, kunde, korosho, ufuta, na katika wanyama wa baharini kama chaza na kaa. Kidogo hicho kikikosekana, mwili huharibika.

Uhakika wake ulipatikana mwaka 1928 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. E. B. Hart na wenzake waliwalisha panya maziwa matupu, wakapungukiwa damu. Wakawaongezea chuma safi, kwa kuwa ilijulikana kwamba wekundu wa damu watokana na chuma, hawakupona. Wakatia shaba kidogo pamoja na chuma, na damu ikarudi. Baadaye ilieleweka kwamba shaba haikai ndani ya himoglobini. Kazi yake ni kama ya mfungua mlango: protini yenye shaba iliyomo katika damu hukigeuza chuma kiwe katika hali ya kuchukulika, kipate kutoka ghalani na kufika panapotengenezwa damu. Pasipo mfungua mlango, ghala hujaa na mwenye nyumba akafa njaa.

Kazi nyingine za shaba si ndogo. Ndani ya kila seli, hatua ya mwisho ya kupumua, ambapo oksijeni hukutana na nguvu ya chakula, hufanywa na kimeng'enya chenye shaba na chuma pamoja. Kimeng'enya kingine cha shaba huunganisha nyuzi zinazoipa mishipa na ngozi uimara wake. Na kingine huanzisha utengenezaji wa rangi ya ngozi na nywele. Weusi wetu, kwa maana halisi, una shaba ndani yake.

Wapo viumbe waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1878 Mbelgiji Léon Fredericq alipoichunguza damu ya pweza aliona kwamba kinachochukua hewa ndani yake ni protini ya shaba na si ya chuma, akaipa jina la himosianini. Damu hiyo ikiwa haina oksijeni haina rangi, na ikiipata hugeuka buluu. Ndivyo ilivyo kwa ngisi, kaa, na kamba pia. Mvuvi wetu anayempiga pweza juu ya jiwe ili alainike hana habari kwamba ameshika kiumbe ambaye kwake shaba ni kile ambacho kwetu ni chuma.

Lakini kitu hiki kina nyuso mbili. Mwaka 1912 S. A. Kinnier Wilson alieleza ugonjwa wa kurithi ambao huharibu ini na ubongo, na baadaye ikajulikana kwamba ni kwa sababu shaba hulundikana mwilini bila kutolewa. Kinyume chake, mwaka 1937 ilionyeshwa huko Australia ya Magharibi kwamba wana-kondoo waliozaliwa wakiyumba miguu walitoka katika malisho yaliyopungukiwa shaba. Hapa Afrika ya Mashariki, ngano katika baadhi ya udongo wa majivu ya volkano wa Bonde la Ufa nchini Kenya ilishindwa kujaza punje mpaka ilipopewa shaba.

Na hapa mrututu unarudi. Mwaka 1885 Millardet alitangaza huko Bordeaux kwamba mchanganyiko wa mrututu na chokaa huzuia ukungu wa mizabibu. Dawa za namna hiyo ziliwafikia wakulima wa kahawa wa Kenya na Kilimanjaro, zikaokoa mibuni mingi. Shaba ni sumu kwa kuvu kwa kipimo kisichomdhuru mbuni. Lakini shaba haiozi. Kinachonyunyizwa mwaka huu hubaki ardhini mwaka kesho, na udongo wa mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro yaliyonyunyizwa miaka mingi umepimwa ukaonekana umelundika shaba kupita kiasi chake cha asili.

VI. Ua na ardhi

Juu ya vilima vya shaba vya Katanga miti haioti vizuri. Mahali hapo hukua mimea midogo iliyojifunza kuishi na sumu. Mmoja wake, ambao wataalamu wauita Haumaniastrum katangense, ni wa jamaa ya mrehani, nao hujulikana kuwa ua la shaba. Huota pia mahali ambapo zamani watu waliyeyusha shaba, kwa sababu taka za tanuri ziliutia udongo madini. Kwa hiyo wachimbuaji wa mambo ya kale walijifunza kulitafuta ua hilo, na karibu na Lubumbashi limewaongoza kwenye tanuri zilizozikwa ardhini, ambazo hakuna mzee aliyezikumbuka. Mafundi walikufa, majina yao yakapotea, lugha yao labda ikabadilika; ua limeshika mahali pao.

Viwanda vya karne ya 20 vimeacha alama pana zaidi. Upande ambao upepo ulikipeleka moshi wa kiwanda cha Lubumbashi, msitu ulikufa na ardhi ikabaki tupu, na watu wa Chuo Kikuu cha mji huo wamejaribu kwa miaka kupata miti na majani yatakayokubali kuota hapo. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu waishio karibu na machimbo na viwanda: walikuwa na madini mengi mno mwilini, hasa kobalti, ndugu wa shaba katika mawe ya huko. Kidogo kile kinachotuhuisha kimekuwa kingi kwa watu ambao hawakukiomba.

Yabaki neno la mwisho juu ya jina. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu, katika siasa yake ya kurudia asili, iliondoa jina la Katanga ikauita mkoa huo Shaba. Jina hilo lilidumu mpaka 1997. Ni jambo la kufikiriwa kwamba, ilipotafutwa asili, halikuchaguliwa mukuba, neno la watu walioyeyusha mawe ya kijani kwa miaka zaidi ya elfu, bali neno lililotoka pwani, na kabla ya pwani Uarabuni, ambalo maana yake ya kwanza ni kitu kinachofanana na dhahabu. Silisemi hili ili kuwalaumu waliolichagua. Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya machimbo, na wachimbaji walikuwa na haki nalo kama mtu mwingine yeyote. Nalisema ili tukumbuke wajibu wetu. Kamusi zetu zimeandika masango, udodi, mrututu, na upatu, kwa kuwa watu wa pwani waliulizwa. Maneno ya mivukuto, ya kalibu, ya mirija, na ya hatua za moto, yaliyosemwa na mafundi wa mukuba, yameandikwa kwa uchache, na Kiswahili cha kambi kimeanza kuchunguzwa juzi tu. Wazee waliofanya kazi katika tanuri za karne iliyopita wanapungua kila mwaka, na katika elimu ya maneno hakuna ua liotalo juu ya lugha iliyozikwa likatuonyesha ilipo. Afaaye kwenda kuwauliza na aende mapema.